UZI: Wanne washaanza kuzunguka wadi yetu wakitaka u-MCA (ujumbe wa bunge la kaunti) 2027, nimewapima hivi

MtuWaNgambo

Wakaazi salaam. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 lakini huku ng'ambo ya feri ungedhani ni wiki ijayo. Kila jioni maskani kuna mtu kaja na mahamri na maneno. Wadi siitaji, Likoni ziko tano, Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Likoni na Timbwani, chagua uitakayo. Majina ya watu pia sitaji, sababu wawili ni majirani na mmoja ni mtu wa kwetu kabisa, kesho kutwa twakutana msibani tutazamane vipi.

Sababu ya uzi ni hii. Kelele zote za Mombasa saa hizi ni za gavana, kama Abdulswamad atarudi ama atatolewa, halafu seneta, halafu rais. MCA twamkumbuka tushafika kwa foleni. Mtu ana karatasi sita za kupiga, tano anajua afanyaje, ya sita anamgeukia wa nyuma yake amuulize "kwani huku kwetu wasimama kina nani?" Na hiyo ya sita ndo ya mtu anayetakiwa kupiga kelele taka za nyuma ya nyumba yako zikikaa mwezi, mfereji ukikauka, zahanati ikikosa hata panadol.

Tuwekane sawa kwanza kazi yenyewe ni ipi maana hapa ndo tunapouziwa mbuzi kwenye gunia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, si ndefu kasome: awe karibu na watu wake, apeleke maoni yao bungeni, ahudhurie vikao, awe kiungo kati yetu na kaunti. Kisha kuna kijisehemu cha pili ambacho hawa wanne hakuna aliyekitaja, kwamba MCA hafai kujiingiza kwenye utekelezaji, si kwa mlango wa mbele si wa nyuma. Yani hachimbi kisima, hajengi barabara, hagawi tenda. Yeye apitisha bajeti, atunga sheria za kaunti, awapiga msasa mawaziri wa gavana kabla hawajaingia ofisini, na gavana akizidi, theluthi mbili ya wajumbe wampigia kura ya kumtoa halafu seneti ndo yamalizia. Silaha zake ni mdomo, kalamu na kura yake mle ndani basi.

Sasa wagombea.

Kijana wa boda. Mdomo anao wallahi, nimesikiliza wanasiasa tangu enzi za makansela wa Manispaa na sijaona anayeshika watu vile. Ahadi zake nne: feri zisiharibike tena, panga boys, yale magenge ya vijana wa mapanga, waishe, maskwota wapate hati, vijana waandikwe bandarini. Nilipiga makofi na mie. Nikaenda nyumbani nikakaa nikaanza kuzipanga. Feri ziko chini ya KPA, mamlaka ya bandari, hiyo ni serikali kuu. Polisi serikali kuu. Hati ni wizara ya ardhi na tume ya ardhi, hata zile za maskwota wa shamba la Waitiki hapa Likoni 2016 ilikuwa shughuli ya serikali kuu kaunti ilikuwa yatazama tu. Bandari ndo usiulize, magavana wenyewe wamelia mpaka wamechoka. Ahadi nne, hakuna hata moja inayopita mezani kwa MCA! Si kwamba ni mwongo, mie naamini hajui, na hakuna aliyemuuliza. Jambo moja nampa: ukimpigia simu saa tano usiku ashika, na ule mtaro wa karibu na msikiti uliozibuliwa kabla ya mvua ni yeye aliyekusanya vijana na majembe, mheshimiwa wetu, MCA wa sasa, alikuja siku ya pili kupiga picha.

Bwana wa malori ya maji. Huyu ndo kipenzi cha wengi na ndo anayeniogopesha. Mifereji ikikauka wiki mbili lori lake laja na picha yake ubavuni, watu wajaza madumu bure, dua zinapanda mbinguni. Ramadhani alitoa futari mpaka kwa watu wasiofunga. Vizuri. Lakini lori hilo hilo siku zingine liko mitaa ya pili linauza maji kwa dumu, hiyo ndo biashara yake. Maji ni kazi ya kaunti. Sasa nieleze, mtu ambaye mifereji ikitoka kila siku malori yake yaegeshwa, utampeleka kwenye kamati ya maji akapiganie mifereji itoke? Na si hayo tu, yeye ni kontrakta, na kwa mdomo wake mwenyewe asema aidai kaunti pesa za kazi alizofanya. Ma-pending bili ya Mombasa, madeni ambayo kaunti haijalipa, kila mtu anayajua. Mdai akikaa kwenye kikao kinachopitisha bajeti, deni la nani litawekwa juu ya orodha? Nilimuuliza hivyo kwa adabu zote kwenye kahawa. Akacheka, akaniita "mwalimu", akalipa kahawa ya baraza zima. Swali halikujibiwa mpaka leo.

Mheshimiwa aliyepo. Hajawahi kukosa maziko. Basari kagawa, japo hiyo ya basari ina mambo yake, 2025 Mdhibiti wa Bajeti alisema kaunti haziwezi kutoa basari bila makubaliano na serikali kuu kwa kuwa sekondari na vyuo vikuu si kazi ya kaunti, wakaishia kortini, na kwa muda ule hakuna MCA hata mmoja aliyekuja kutueleza kwa nini hela za watoto zimekwama. Nikatafuta Hansard, maana bunge likisema kitu chaandikwa. Zile nilizozipata mheshimiwa wetu asimama kuunga mkono hoja na kushukuru Spika. Kuunga mkono. Kushukuru. Kituo chetu cha chekechea kimeezuliwa paa na upepo, watoto wanasomea kwa uwanja wa jirani, hakuna pahala jina la kituo hicho limetajwa mle ndani.

Mama mwalimu. Afundisha chekechea, ni mweka hazina wa chama cha kina mama, hana gari. Siku ile ya kutoa maoni ya mpango wa maendeleo wa mwaka kule ukumbini, mnajua zilivyo zile shughuli, ofisa arusha jedwali ukutani maandishi madogo kama ya dawa ya matone, wananchi wanapewa karatasi moja ya fotokopi, watia saini, soda, nauli, nyumbani. Huyu mama alikuja na mfuko wa plastiki. Akatoa ile karatasi ya mwaka jana aliyoihifadhi, kaipiga mistari kwa penseli, akainuka: "Mwenyekiti, ukarabati wa kituo hiki mlitusomea mwaka jana pia. Pesa zilitoka hazikutoka? Kama zilitoka mbona mwazisoma tena, kama hazikutoka zilienda wapi?" Ofisa akasema atalifuatilia. Mama akauliza "lini, na kwa namba gani nikupigie?" Akaandika namba mbele ya ukumbi mzima. Nilikuwa safu ya tatu nikaona bwana wa malori kainamia simu yake.

Hiyo ndo kazi ya MCA jamani, niliiona ikifanywa na mtu ambaye si MCA.

Mnajua wazee wamemwambia nini? "Mwanangu, weye subiri nominesheni." Viti vya kuteuliwa vipo ndio, katiba imeviweka ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, lakini hicho ni kiti cha orodha ya chama, hakina wadi, na orodha yaandikwa na watu ambao weye na mie hatuwajui. Kila mwanamke anayetaka kusimama Likoni aimbiwa wimbo huo huo.

Mie naegemea kwake. Ila nina wasiwasi nitausema chini, wacha nisikie nyinyi kwanza.

SiDanganyiki_254

Wote wezi. Akiingia tu anunua gari kubwa, safari ya Dubai kujifunza jinsi ya kuzoa taka, akirudi taka zipo pale pale. Mie 2022 sikupiga na 2027 sipigi.

MtuWaNgambo

Ndugu yangu hauko pekeyo, 2022 Mombasa hata nusu ya waliosajiliwa hawakutokea. Lakini tazama hesabu yake. Mwenye malori hahitaji wadi nzima impende, ahitaji wenye kujaza madumu watokee na weye ulale. Kukaa kwako nyumbani kwamfaa yeye kuliko T-shati zote atakazochapisha.

Mama_Swaleh

Mwanangu umeandika vizuri lakini hapo kwa maziko umepita haraka. Mie nilifiwa usiku, maiti iko Coast General, sina hata shilingi ya gari. Nilimpigia nani? Huyo mheshimiwa mnayemcheka wa kuunga mkono hoja. Gari ikaja. Sasa waniambia nisimpe kura sababu hajaongea kwa Hansard? Hansard ingenibebea mume wangu?

Kibarua wa Bandarini

Mama kamaliza.

MtuWaNgambo

Mama yangu pole sana, na hapo sina la kubishana. Ile gari ilikuja na ilifaa. Nami sisemi asaidie watu asisaidie, jirani mwenye uwezo ni lazima asaidie awe MCA asiwe. Langu ni kwamba hospitali ile ni ya kaunti na gari za kusafirisha maiti ni jambo la bajeti ya kaunti. Yeye ndo anayeipitisha kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni. Anakaa mle miaka yote hii, hajasimama mara moja kuomba wadi zetu za ng'ambo ziwe na gari moja ya kudumu, asiye na namba yake ya simu naye apate. Akikupa yeye, shukrani ni kwake. Ikiwa kwa bajeti, hakuna wa kushukuriwa. Nadhani wanasiasa wetu hilo walijua zamani.

Mama_Swaleh

Sawa nimekuelewa. Lakini huyo mwalimu wako naye ajue kuzika ni kuzika. Asije akafikiri akiwa na penseli haji matangani.

BintiMtongwe_Doha

Hahaha mama!! Kwanza mnanitia uchungu, mie niko Doha na walioko Ghuba tukipiga kura ni ya rais peke yake, MCA hatupati, wakati dada yangu na wanangu ndo wanaokaa hapo kwenye hizo taka. Swali: huyo mwalimu asimama kwa tiketi gani? Maana Mombasa bila chungwa, yani ODM, wajitesa bure.

MtuWaNgambo

Umegusa ule wasiwasi wangu dada. Tiketi bado. Zamani ilikuwa rahisi kusema, pata chungwa ulale, lakini tangu Raila, kiongozi wa ODM, afariki Oktoba 2025 hata wenye chungwa wenyewe wavutana haieleweki itaiva upande gani. Akienda kwa chama, mchujo wenyewe wataka pesa na watu wa kusimama mlangoni. Akienda huru, ahitaji saini za wapiga kura 500 wa wadi hii hii na awe ameshatoka kwenye chama miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Saini anapata, chama cha kina mama peke yake kinaweza kumtafutia. Mawakala ndo shida. Kila kituo cha kura ahitaji mtu macho makavu, akae tangu asubuhi mpaka usiku wa manane asichukue bahasha, na aondoke na fomu ya matokeo mkononi. Bwana wa malori ana watu wa kulipa. Mwalimu ana walimu wenzake, na wengine ni hao hao watakaoajiriwa na IEBC, tume ya uchaguzi, siku hiyo!

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi kwenye bunge moja la kaunti, silitaji. Niongeze kitu ambacho wapiga kura hawakioni. Kazi haiko kwenye ukumbi ule wa kamera, iko kwenye kamati. Pale makadirio ya bajeti yakija mwisho wa Aprili ndo utamjua mtu. Kuna wanaokuja, watia saini ya mahudhurio kwa ajili ya posho, chai ikishanywewa watoweka. Kuna wawili watatu waliosoma kitabu, na hao ndo maofisa wa gavana wanawaogopa hata kama hawana sauti. Nimeona MCA hajamaliza shule akimtoa jasho daktari wa uchumi kwa sababu tu alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye zahanati kuhesabu vitanda. Kwa hivyo kisomo peke yake kisiwababaishe. Muulizeni kila mmoja: utaomba kamati gani na kwa nini? Asiyejua kuna kamati gani bado hajajiandaa.

Na kijana wa boda msimtupe. Kelele za nje zina kazi yake pia, MCA aliyesoma asiye na watu nyuma yake gavana humtuliza kwa safari moja.

MtuWaNgambo

Mzee hili swali la kamati naliiba leo leo.

Boda_Shelly

Mie ni mwenzake kijana stejini. Nimemsomea huu uzi. Kakasirika kwanza, kasema mwamuonea, halafu kaniuliza "sasa kaunti ina nini?" Nikamwambia taka, maji, zahanati, chekechea, masoko, barabara za ndani za mtaa, leseni, taa za barabarani, polytechnic za vijana. Kanyamaza. Kasema "basi hizo boda zinazokamatwa na askari wa kaunti si hapo hapo?" Nikamwambia ndo hapo hapo sasa!! Ada za kuegesha, faini, yote yatoka kwa sheria ya fedha ya kaunti na hiyo MCA ndo anaipigia kura kila mwaka. Amebadilisha bango.

SiDanganyiki_254

Amebadilisha bango au amebadilika?

Boda_Shelly

Bango kwanza, weye wataka miujiza.

Kibarua wa Bandarini

Haya na muguka je, yale majani ya kutafuna? Hapo hakuna aliyegusa, wote mwaogopa maskani.

MtuWaNgambo

Swali la haki, na hili hasa liko kwa MCA. Mei 2024 gavana alipiga marufuku muguka kwa amri yake, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, korti ikasimamisha, ikabaki kelele tu. Amri ya gavana ni jambo moja, sheria iliyopita bungeni na kushirikishwa wananchi ni jambo lingine, nayo pia ingeweza kushtakiwa lakini ingekuwa na mguu wa kusimamia. Kwa hivyo niliwauliza wote wanne, ukiletewa mswada wa kubana muguka, wapi pa kuuza, umbali na shule, watoto wasiuziwe, utapiga vipi?

Mheshimiwa: "tutashauriana na wadau". Bwana wa malori: "mie ni mtu wa maendeleo". Kijana alikuwa na muguka shavuni akaniambia kwa ukweli kabisa kwamba yeye hapigi kura ya kujinyima. Mwalimu alisema atapiga ndio, na alisema hapo hapo maskani, mbele ya mafurushi. Watu wakaguna.

Kibarua wa Bandarini

Basi kura yangu kaikosa.

Mama_Swaleh

Na yangu kaipata. Nina watoto watatu wa kiume pale maskani.

MtuWaNgambo

Jumamosi baada ya alasiri twawaita wote wanne pale kwa uwanja wa chekechea isiyo na paa. Tumewapa maswali mapema wasiseme wamevamiwa: utaomba kamati gani, waidai kaunti pesa ama hauidai, na mradi gani wa wadi hii umesomwa kwenye bajeti ukapotea. Wawili wamethibitisha. Bwana wa malori kasema ataleta mahema na soda, tumemwambia mahema sawa, soda abaki nazo.